Profesa, Kaburi na Mwangaza

Kwenye avenue yetu, kule juu Kadutu, mjini Bukavu, ukiuliza nyumba ya Marcellin Akonkwa watu watakutazama kama mgeni aliyekosea mlima. Uliza nyumba ya Papa Kaburi, na mama muuza makala ya kupikia, yaani makaa, ataacha kopo lake la kupimia, atakuonyesha kwa kidole, kisha atakipangusa kile kidole kwenye kitenge chake.

Mwenyewe ni mtu mpole, mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Anakanda unga katika nyumba moja ya kuoka mikate huko Nguba. Patron wake alimweka chumba cha nyuma, kisicho na dirisha upande wa barabara, kwa sababu mteja akijua ni mikono ya nani iliyoukanda mkate wake, ataurudisha. Kwa hiyo kila asubuhi mabibi wa Nguba, ambao wasingekubali hata kukanyaga kivuli cha Papa Kaburi, wanakula kazi ya mikono yake pamoja na siagi, na wanasema mkate wa siku hizi umekuwa laini.

Mimi ni fundi cherehani, jirani yake. Ndimi niliyemshonea nguo zake zote za kachi, ile mieleka ya kuonyesha ambayo zamani ilijaza uwanja kila Jumapili baada ya misa. Alikuwa na majina matatu ulingoni, na kila jina lilikuwa na nguo yake. Hadi leo, kwenye baa ya chini, watu wakikosa mpira wa kubishania wanabishania majina hayo: yupi alikuwa mkubwa? Wengi wanasema Kaburi. Wachache, hasa watu wa kikundi cha sala, wanasema Mwangaza, lakini wanasema bila nguvu. Profesa hana mtu. Nikisema kwamba Profesa ndiye aliyekuwa anaijua kazi, wananiuliza alifundisha shule gani.

Profesa ndiye aliyetangulia. Marcellin alikuwa kijana, anabeba mifuko ya saruji bandarini, na jioni alikuwa anajifunza mieleka kwa mzee Willy, askari wa zamani aliyetoka Kinshasa na kubaki Bukavu kwa ajili ya mwanamke. Mzee Willy hakuwa na ulingo. Alikuwa na magodoro mawili na maneno machache ya Lingala, na alifundisha funguo: ufunguo wa mkono, wa goti, wa kiuno. Ule wa shingo aliufundisha mwisho, na alimfundisha Marcellin peke yake. Unatokea nyuma ya mtu, unampitishia mkono mmoja chini ya kidevu, wa pili unashika kisogo, halafu unabana pande mbili za shingo bila kugusa koo. Mtu halii wala haumii. Analala kama mtoto aliyeshiba, na ukimwachia anaamka akiuliza kama mvua imekatika.

Nilimshonea Profesa kaputula nyeupe yenye mstari mwekundu. Alipanda ulingoni amechana nywele. Alimsalimu mwamuzi, akamsalimu mpinzani, kisha akamfunga kwa ufunguo mmoja na kazi ikaisha. Wenzake walikuwa wanapatana mapema nani ataanguka na ataanguka vipi. Yeye alikuwa hapatani na mtu, kwa hiyo alishinda. Watu wa uwanjani hawakumchukia. Walifanya vibaya zaidi: walingoja pambano lake ndipo waende kununua karanga. Kulikuwa na maman mmoja aliyekaa mbele siku zote, na siku moja, Profesa alipokuwa ameinama juu ya mguu wa mtu akitafuta ufunguo wa goti, akamwuliza kwa sauti:

"Profesa, unamupiganisha ao unamupima suruali?"

Uwanja mzima ulicheka. Mimi fundi nilicheka pia, bila kupenda.

Kaburi alizaliwa kwenye barabara ya Sange. Barthélemy, ambaye ndiye aliyekuwa anapanga mapambano, alikuwa amepata nafasi kule siku ya soko. Wakapanda lori lililobeba magodoro ya ulingo, mifuko ya unga wa mihogo, na jeneza moja tupu ambalo mfanyabiashara alikuwa anampelekea mteja wake. Kwenye miteremko mvua ikawapata. Wengine walijifunika turubai. Marcellin, ambaye alikuwa na homa, aliona kwamba jeneza lina kifuniko, na mtu mwenye akili ya Profesa hawezi kulowa akiwa karibu na kifuniko. Akaingia, akalala. Juu yake mfuko mmoja ulipasuka, unga ukavuja taratibu kupitia nyufa za mbao.

Kule chini kwenye tambarare ya Ruzizi mvua ilikuwa haijanyesha hata tone. Lori likasimama katikati ya soko la Sange, jua kali, na vijana wa kushusha mizigo wakalishusha jeneza na kuliweka kati ya wauza mihogo na wauza samaki. Walisema tu kwamba mbao za siku hizi ni nzito. Marcellin alisikia joto. Akasukuma kifuniko, akakaa, uso wote mweupe, akauliza kwa adabu kama wamefika.

Soko lilikwisha palepale. Watu waliacha samaki, waliacha viatu, mama mmoja aliacha mume. Barthélemy peke yake hakukimbia. Alisimama akiwatazama wanaokimbia, na akaona kwamba Profesa, tangu aanze kazi, hajawahi kuinua watu wengi namna hiyo.

Basi Profesa akafa na Kaburi akazikwa kila Jumapili. Nilimshonea nguo nyeusi ya kubana, nikashonea juu yake majani makavu ya mgomba na mifupa ya ng'ombe iliyochemshwa vizuri, kwa sababu Euphrasie, mke wake, hakutaka inzi nyumbani. Aliingia uwanjani ndani ya jeneza, limebebwa na wanaume wanne, fanfari ya tarumbeta ikipiga nyimbo za msiba. Alitoka, akazunguka mpinzani akinong'ona. Maneno yale, ambayo watu waliyaogopa sana, yalikuwa hesabu ya kuzidisha ya darasa la tatu, akianzia mwisho. Kisha alirusha unga. Unga ulikuwa wa mihogo, wa Euphrasie, na mpinzani, ambaye alikuwa ameshapatana na Barthélemy, alianguka usingizini mara moja. Kuna mmoja alianguka kabla unga haujatoka mkononi. Siku nyingine upepo ulimgeuzia Kaburi unga machoni mwake mwenyewe, akawa anapapasa, na mpinzani akamwonea huruma, akaenda kuanguka karibu naye.

Ndiyo maana mimi nikiwalinganisha hawa wawili nacheka. Profesa aliwashinda watu kweli na hakuna aliyeona. Kaburi hakumshinda mtu na kila mtu aliona. Leo kuna wazee wazima wanaoapa kwamba waliwaona wafu wakimsaidia, na wanakutajia hata rangi ya sanda zao.

Mara moja tu Kaburi alipigana kweli. Barthélemy alikuwa ametangaza mbuzi kwa mtu yeyote kati ya watazamaji atakayebaki amesimama mpaka fanfari inyamaze. Akapanda Polycarpe, mfyatua matofali wa Bagira, mtu aliyekuwa anabeba ndama mabegani kama skafu. Hakuwa amepatana na mtu. Unga ulipomfikia alipiga chafya tu, akamwinua Kaburi juu, majani na mifupa na yote, akaanza kutafuta mahali pazuri pa kumtupa. Hapo, ndani ya majani yale, Profesa akaamka. Aliteleza kama samaki, akatokea nyuma, akapitisha mkono. Watu hawakuona mkono. Waliona Papa Kaburi amemkumbatia mtu kwa nyuma kama anayemuaga, majani yamewafunika wote wawili, na Polycarpe anashuka, goti moja, goti la pili, kisha shavu. Fanfari ilisahau kupiga. Polycarpe alipoamka aliuliza mbuzi ni wa nani.

Huo ndio ushindi mkubwa wa Kaburi, na ulikuwa wa Profesa. Lakini nenda ukaseme hivyo baani.

Ndugu zake Polycarpe walimpeleka nyumbani wakisema kila kona ya njia kwamba ameshikwa na wafu. Na tangu siku hiyo, kule Bagira na hata kwao Walungu, ilijulikana kwamba hakuna mwanaume aliyewahi kumlaza Polycarpe chini. Ilibidi makaburi yafunguke.

Jina la tatu lilitoka kwa Euphrasie. Alikuwa anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni, na wanawake wakaanza kumpita. Shirika la avenue yetu, yaani jumuiya ndogo ya Wakristo, liliposali nyumbani kwake, watu wote walikuja wamefunga, hata wasiofunga Ijumaa Kuu. Sahani za mandazi zilirudi jikoni zimejaa. Siku hiyo akamwambia mume wake:

"Mi niliolewa na Marcellin. Huyu mwingine hakuleta hata ngombe moja kwetu."

Marcellin hakubisha. Alichukua majani na mifupa, akaenda kuvichoma uani pa parokia, na maman Ghislaine, president wa shirika letu, ndiye aliyewasha kiberiti. Walikuja watu wengi kuliko siku yoyote ya kachi. Barthélemy alikuwa kati yao, na kwa mara nyingine hakuangalia kile ambacho wengine walikuwa wanaangalia. Wiki iliyofuata alikuja kwangu kuagiza kanzu nyeupe na mshipi wa bluu. Jina litakuwa Mwangaza. Atawashinda wenye dawa kwa sala.

Tatizo la Mwangaza lilikuwa moja: alihitaji adui, na watu walimtaka adui mmoja tu. Wakamweka Chris, binamu yake Marcellin, ndani ya jeneza, nikashona majani mengine, na Jumapili Mwangaza akakutana na Kaburi. Mpango ulikuwa kwamba Mwangaza ainue mikono, asali, na Kaburi aanguke. Mwangaza aliinua mikono. Uwanja wote ukaanza kuita, "Kaburi, Kaburi." Mtu mmoja akamwambia Mwangaza arudi kwenye kwaya kabla sahani ya sadaka haijapita. Chris, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwita hata kwenye chakula, alisikia uwanja mzima unamtaka, na akasahau kuanguka. Alimlaza Mwangaza, akamkalia mgongoni, akakaa pale mpaka fanfari ilipochoka.

Hivyo ndivyo Marcellin alivyoshindwa na yeye mwenyewe mbele ya watu. Hakupanda tena ulingoni. Barthélemy alihamia Goma, na Marcellin akashuka Nguba kukanda unga.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Marcellin na Euphrasie wana binti mmoja, Aimée, anayefundisha watoto wadogo. Aimée alipendana na Destin, kijana wa kituo kimoja cha afya, mwenye mwendo wa polepole na kucha safi. Baba yake Destin alishafariki. Anayesema kwa ajili ya ukoo ni baba yake mdogo, na huyo baba mdogo ni Polycarpe wa matofali.

Kwetu, ukoo wa kijana unatuma kwanza watu wa kuuliza kimyakimya. Hao walikuja, waliuliza, na mnajua walijibiwa nini na muuza makala. Hata hivyo Destin alishikilia, na siku ya kuja kuonana ikapangwa. Siku kama hiyo maneno ni mengi lakini kinachoamua ni sahani. Tangu watu waanze kuogopa sumu, mwenye nyumba anafungua kinywaji mbele ya mgeni na kukionja wa kwanza. Mgeni akinywa baada yake, amekuamini. Wakwe wakila kwako, wamemkubali binti. Wakisema wameshiba, usiwalazimishe. Toa vyombo, na binti atafute kwingine.

Siku moja kabla, Marcellin alikuja akakaa kwenye benchi langu. Aliniambia ameamua kusema ukweli. Atawaeleza wakwe kwamba hapakuwa na dawa hata siku moja. Palikuwa na unga wa Euphrasie na ufunguo wa mzee Willy. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake tangu siku za kaputula nyeupe, kama mtu ambaye hatimaye atamleta mbele ya wageni mtoto wake halali. Nilimwambia ni vizuri, ukweli hauna karuho, ile sumu inayoogopwa kwetu. Sisi wawili tuliufikiria mkono usiku ule na asubuhi ile. Mwenye shingo hatukumwaza.

Walikuja baada ya misa. Polycarpe sasa ana mvi na fimbo, lakini alipoingia mlango ulionekana mdogo. Alikuwa na dada yake Laurette, shangazi yake Destin, na Destin mwenyewe, ambaye kwa desturi siku hiyo hana mdomo. Upande wetu tulikuwa Marcellin, Euphrasie, maman Ghislaine kwa niaba ya shirika, na mimi karibu na mlango. Aimée alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, na chini ya pazia tuliona vidole vya miguu yake.

Euphrasie alileta kasiksi, pombe ya ndizi aliyoikamua mwenyewe. Akamimina mbele yao, akaonja. Marcellin akaonja. Laurette alipokea glasi kwa mikono miwili, akashukuru, akasifu rangi, akaiweka mezani. Polycarpe hakuipokea kabisa. Bugali ikaja, nyama ya mbuzi, sombe ya majani ya mihogo, sambaza za kukaanga. Laurette alisema asante, wamekula nyumbani. Tumbo lake lilimkanusha wazi, sote tulisikia, na sote tukatazama mahali pengine. Vile vidole chini ya pazia vilikunjamana.

Maman Ghislaine alijaribu. Alizungumza juu ya matope ya njia, juu ya padri mpya, juu ya bei ya makala. Maneno yakaisha. Polycarpe akaweka mikono miwili juu ya fimbo.

"Papa Marcellin, siwezi kuzunguka. Ule mutoto wako hana shida, kila mutu anamusifu. Shida ni hii nyumba. Nilikutana na weye mara moja, mbele ya bantu, nikalala. Sasa unataka nikunywe?"

"Ni vizuri umesema, papa," Marcellin akajibu, na niliona ile furaha ya benchi inarudi usoni. "Mi siko mulozi. Sikukuwaka mulozi hata siku moja. Ile siku..."

Akainua mkono wa kushoto, akaukunja, tayari kuonyesha. Laurette akamgeukia kaka yake. Destin naye akamgeukia. Polycarpe hakuutazama mkono. Alimtazama Marcellin machoni, na akauliza polepole:

"Ile siku nini? Ongea, batoto basikie. Ni mutu gani alinilaza?"

Hapo tukaelewa, Marcellin mbele na mimi mlangoni. Mzee huyu ndiye anayegawa mashamba ya ukoo. Ndiye anayeamua ugomvi, anayetoa mabinti na kupokea ng'ombe, na wanaume wenye diploma wanamnyamazia, kwa sababu hakuna mwanaume aliyewahi kumlaza. Akiambiwa leo, mbele ya dada yake na mtoto wa kaka yake, kwamba alilazwa na mkono mmoja wa mtu anayemfika kifuani, mkanda unga wa Nguba, atarudi Bagira na nini? Atasimama, atasema ameshiba, na hatakanyaga hapa tena. Na akiambiwa ni wafu, nani atakunywa katika nyumba ya wafu?

Mkono wa Marcellin ulibaki hewani, umekunjwa, kama wa mtu aliyesahau alichotaka kuchukua. Alitazama pazia. Kisha akaushusha taratibu, akauweka pajani, na wa pili juu yake.

"Hapakukuwa mutu," akasema. "Balikuwa bazimu."

Pumzi zilitoka ndani ya nyumba ile, sijui za nani. Laurette, ambaye amesimulia habari hiyo maisha yake yote na hajawahi kupata nafasi ya kumwuliza mwenyewe, alitaka kujua walikuwa wangapi. Marcellin alitazama dari kama mwanafunzi anayetazama ubao.

"Kwa bantu bengine, mumoja alikuwa anatosha," akasema. "Kwa Papa Polycarpe nilituma saba. Na mumoja alirudi analia mugongo."

Polycarpe aliegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu aingie. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyemsikia daktari akitaja ugonjwa ambao yeye mwenyewe alishaujua. Laurette alimpiga Destin kiwiko.

"Na hao saba," Polycarpe akauliza, "baliishia wapi?"

Lilikuwa swali zuri, na jibu lake lilikuwa kwa maman Ghislaine. Maman Ghislaine alisimama, akajifunga kitenge upya, akasema yeye mwenyewe ndiye aliyewasha kiberiti, uani pa parokia, mchana, na padri yupo. Yeye hakudanganya hata neno moja; majani yaliungua kweli, na hakuna aliyemwuliza kulikuwa na nini ndani ya majani. Akaendelea kueleza jinsi Marcellin alivyovaa kanzu nyeupe baada ya hapo, jinsi alivyochekwa kwa ajili ya Bwana, hata binamu yake akamkalia mgongoni mbele ya umati. Mwangaza, ambaye tulidhani hakuacha kitu duniani zaidi ya kanzu ninayofunikia cherehani yangu, alikuwa anasimama pale katikati ya bugali na sombe, anashinda pambano lake la kwanza.

Polycarpe alifikiri. Nyama ilikuwa inapoa.

"Mutu mwenye kuwa na saba, na akabaacha bote," akasema mwishoni, "ule iko mutu wa maana. Bengine tunashindwa kuacha tumbako."

Akanyoosha mkono, akachukua glasi, akachungulia ndani, akanywa mpaka chini. Kisha akauliza kama mbuzi huyu ana mguu. Laurette alijivutia sahani, akaanza na sambaza. Nyuma ya pazia kitu kilianguka, nadhani ni Aimée aliyekaa kitandani bila kuangalia kitanda kiko wapi. Destin alianza kutabasamu, akakumbuka desturi, akaacha.

Euphrasie alikuwa amesimama na mwiko. Ndiye aliyejua unga ule ulitoka kapu gani. Sokoni, miaka na miaka, ameapa kwa watu kwamba mume wake hakuwa na dawa, na sasa mume wake amekiri saba, mbele ya president wa shirika, ambaye kabla ya Jumapili ijayo atakuwa ameshamwomba aje atoe ushuhuda. Euphrasie alimwekea Marcellin kipande kidogo kuliko vyote.

Tuliwasindikiza kama inavyotakiwa. Njia ya kushuka kwetu ni ya mawe na matope, inabidi kwenda mmoja mmoja. Laurette na Destin walitangulia na maman Ghislaine, Laurette akisema kwa sauti namba saba kwa kila mtu aliyewasalimia. Polycarpe alichelewa makusudi, akamshika Marcellin bega kama anayetafuta msaada wa kushuka. Mimi nilikuwa nyuma yao na kidumu tupu cha kasiksi. Hakunijali, au alinihesabu kama kidumu.

"Mukono wa kuume?" akauliza kwa sauti ya chini.

Marcellin alivuka jiwe moja kwanza.

"Wa kushoto," akasema. "Wa kuume ulikuwa unashika kisogo."

Mzee alijipapasa shingo, upande mmoja, kisha wa pili.

"Nilijua ni mutu. Ulikuwa unatoka jasho. Mizimu haitoke jasho."

"Sasa papa, ju ya nini uliniuliza mbele yabo?"

"Ju weye uko na mutoto mumoja wa kuolesha. Mi niko na ukoo muzima banangoya nianguke." Alisimama apate pumzi. Chini ya mlima pikipiki zilikuwa zinawangoja, na Destin alikuwa ameshampandisha shangazi yake. "Ilikuwa kazi safi, ile. Sikuskia hata uchungu. Nani alikufundisha?"

Marcellin akamtajia mzee Willy. Akaanza kumweleza, kidevu kinakaa wapi, kiwiko kinaelekea wapi, na kwa nini koo haliguswi, na wale watu wawili wakabaki pale njiani, mmoja akikunja mkono hewani, mwingine akiinamisha kichwa ili aone vizuri, mpaka Laurette alipoita kutoka chini kwamba mvua inakuja. Polycarpe akanyoosha koti lake. Alipofika kwenye pikipiki alikuwa tena mtu aliyeshikwa na saba, na alipanda taratibu, kama inavyompasa mtu wa namna hiyo.

Tuliporudi juu, Euphrasie alikuwa mlangoni anakwangua sufuria. Akamwuliza mume wake yule mzee alikuwa anamwambia nini muda wote ule.

Marcellin alivua viatu vyenye matope. Akasema amesifu nyama.

"Nyama ilikuwa ngumu," Euphrasie akasema.